Uzi wa bei kwa waandishi wanaoanza kujitegemea: utoze ngapi, na hela iingie lini

Fundi Aya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Inboksi yangu imejaa swali moja: "Kaka, nimepata mteja anataka makala, nimtajie ngapi?" Na mtu anataka namba hapo hapo, mteja yuko hewani. Nikikutajia namba bila kujua unaishi kwa shilingi ngapi, kazi itakula saa ngapi na huyo mteja analipaje, nitakuwa nabahatisha tu. Ngoja leo tupige hesabu wazi wazi. Nitazungumzia zaidi Dar kwa sababu ndiko ninakoandikia. Wa Kenya, Zanzibar na mikoani mtajazia.

Hesabu inaanzia kwenye matumizi yako. Bei ya mwenzako iache kwanza, humjui anaishi kwa nani. Tuseme kijana yuko Mbagala, chumba na sebule. Kodi 150,000 kwa mwezi, chakula 250,000, bando na umeme na maji 100,000, nauli 60,000, ya kutuma nyumbani 90,000, na 150,000 ya matibabu, nguo na dharura. Jumla 800,000. Weka za kwako, huo ni mfano.

Sasa saa, na hapa wengi huchemka. Mtu anachukua saa 8 kwa siku 22, anapata saa 176, anagawanya, anaona kumbe akitoza 4,500 kwa saa maisha yanaenda. Nani anakulipa saa za kutafuta wateja? Za kuandika profoma (ankara ya makadirio), kujibu simu za "nakurudia baadaye", kukaa mapokezi ukifuatilia hundi, kusubiri umeme urudi? Ninavyoiona mimi, anayeanza akifanikiwa kuuza saa 4 kwa siku, siku 20 za mwezi, amejitahidi sana. Hizo ni saa 80. Gawa 800,000 kwa 80, unapata 10,000 kwa saa. Hapo ni chini kabisa, bila mwezi mkavu na bila mteja atakayekukimbia. Ongeza robo: 12,500.

Chukua makala ya maneno 1,000 kwa ajili ya jarida la kampuni. Kuandika kwenyewe saa 2, sawa. Lakini kuna nusu saa ya simu ya kuelewa wanachotaka, saa 2 za kuwahoji watu wawili, saa nzima ya kusikiliza rekodi na kunukuu, saa ya masahihisho, na nusu saa ya kutuma na kufuatilia. Saa 7. Mara 12,500 ni 87,500. Kama mteja ni kampuni au taasisi, atakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma kabla hajakupa. Ili ubaki na 87,500 mkononi inabidi umtajie kama 92,100. Mimi ningeandika 95,000 na nisingeomba radhi. Na ukikatwa, dai cheti cha zuio. Hiyo ni kodi uliyokwishalipa, itahesabika utakapopeleka ritani, yaani hesabu zako za mapato, kwa TRA, mamlaka ya mapato. Vijana wengi wanakiacha cheti kama vile ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Mtasema hakuna wa kulipa 95,000 kwa makala. Kwa blogu ya udaku, ni kweli hayupo. Hesabu hiyo haimlazimishi mteja yeyote. Inakuonyesha wateja gani hawawezi kukuweka mjini, hata wakikupa kazi kila siku.

Tahadhari na kutoza kwa neno. Tangazo la redio la sekunde 30 lina maneno kama 60 hivi. Ukitumia bei ya makala hapo juu, shilingi 87 na senti kwa neno, unapata kama 5,250. Wakati skripti hiyo inaweza kukuchukua siku nzima, maana kila neno linagombewa na mwenye biashara, mke wake na mtangazaji. Kwa kazi fupi, toza kazi yenyewe. Bei ya kwa neno iache kwa makala ndefu na tafsiri.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi, maana naona watu mnabishana bei tu. Tarehe ya kulipwa ni sehemu ya bei. Yule kijana wa Mbagala, mwenye nyumba wake hamtozi 150,000 kila mwezi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo, 900,000. Akiwa na ankara tatu nzuri zinazosubiri kusainiwa kwenye ofisi za watu, bado atatolewa vyombo nje. Kazi ya 200,000 inayolipwa nusu leo na nusu siku ya kukabidhi, mimi naichukua mbele ya kazi ya 300,000 inayolipwa "baada ya siku 90 tangu kupokea ankara". Na hizo siku 90 zinaanza kuhesabiwa siku ambayo karani atakumbuka kugonga muhuri.

Kwa hiyo kabla ya kusema bei, uliza. Mnalipa kwa utaratibu gani? Lazima LPO, ile hati yao ya kuagiza kazi, itoke kwanza? Nani anasaini, na akiwa safari nani anakaimu? Mnahitaji TIN (namba ya mlipakodi) tu au mnataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi? Hili la EFD limewaponza wengi. Kazi imeshapokelewa na kusifiwa, ndipo mhasibu anatamka kwamba bila risiti hawezi kutoa hela. Unaanza kuzunguka mjini kutafuta mtu wa kukupitishia malipo, na huyo naye anataka chake, achilia mbali kwamba mnajitafutia kesi. Ulizeni siku ya kwanza, msione aibu.

Mteja mpya: kianzio asilimia 50. Kazi ndogo ya chini ya 50,000: yote kabla, atume kwa simu na aweke ya kutolea.

Karibuni.

Binti Makala

Asante kaka Fundi. Mimi kuna watu wamenitafuta Instagram, wanataka "mwandishi wa kudumu" wa ukurasa wao. Wamesema kwanza niandike makala tatu za majaribio bila malipo ndipo waamue. Nimeshaandika moja. Niendelee?

Fundi Aya

Dada yangu, ishia hapo. Mtu anayetaka kujua kama unajua kuandika anasoma kazi ulizokwishaandika. Huna za kuonyesha? Andika mbili zako mwenyewe, kuhusu jambo unalolijua, weka mahali zinaposomeka. Zile za majaribio zikiwa tatu na mada wamechagua wao, ujue waombaji wako kumi na ukurasa utapata makala thelathini bila kutoa senti. Wajibu kwa adabu: "Nafurahi kufanya jaribio moja la kulipwa kwa nusu bei." Mwenye nia atakubali au atajadili. Asiye na nia utaona tiki mbili za bluu na kimya.

Na usiwatukane. Dar ndogo hii.

Mzee wa Mswada

Vijana, nawasoma. Fundi umeeleza vizuri ila unawatisha wanaoanza. Sisi tulianza ukorespondenti magazetini, unalipwa kwa stori iliyotoka. Haikutoka, huna kitu. Imetoka lakini mhariri kaikata ikabaki aya tatu pembeni ya tangazo la msiba, unalipwa ya aya tatu. Nauli ya kwenda kwenye tukio yako. Ndiyo maana wengi wakaishi kwa bahasha za waandaaji wa semina, na bahasha ikaanza kuwaandikia habari. Sisemi ulikuwa utaratibu mzuri. Nasema jina kwenye gazeti ndilo lililotuletea wateja wa baadaye. Anayeanza leo akisema yeye ni 95,000 na hakuna anayemjua, atakaa na bei yake ndani.

Fundi Aya

Shikamoo mzee. Hapo tunaelewana zaidi ya unavyodhani. Kazi ya bei ndogo yenye jina lako juu, kwenye chombo kinachosomwa, ina faida ambayo haionekani kwenye M-Pesa. Ninachokataa ni bei ndogo kwenye kazi isiyo na jina. Unamwandikia mkurugenzi hotuba, au mzee fulani wasifu wake, kitabu kinatoka jina ni lake, wewe huwezi hata kumwonyesha mteja mwingine. Hiyo itozwe zaidi, kwa sababu haitakuletea mteja wa pili. Wengi wanafanya kinyume: gazeti wanaliringia, kazi ya siri wanaifanya kwa bei ya undugu.

Wasifu hasa, kuweni makini. Mzee anakuita kwake, anasimulia siku nzima, chakula kinakuja, mnasikilizana kama baba na mwana. Miezi inapita anaongeza sura, kila mjukuu anataka awemo. Hiyo kazi igaweni vipande: usaili una malipo yake, rasimu ya kwanza yake, masahihisho yake. Kipande hakijalipwa, kinachofuata hakianzi. Ukikubali "tutamalizana kitabu kikitoka", umekubali kusubiri matbaa, familia na afya ya mzee, vyote kwa pamoja.

Mzee wa Mswada

Marahaba. Hilo la wasifu nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Kijana wa Eldo

Salamu kutoka Eldoret. Wacha niongeze ya huku kwetu. Wengi wetu tuliingia kwenye uandishi kupitia kazi za masomo za wanafunzi wa ng'ambo. Bei ni kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 275. Mwenye akaunti kwenye tovuti ya kazi hizo alikuwa ananilipa shilingi 300 za Kenya kwa ukurasa. Piga hesabu, ni shilingi moja na senti kadhaa kwa neno, usiku kucha, na yeye anapokea dola. Hujui mteja amelipa ngapi. Ukikosea marejeleo unakatwa, akaunti ikifungwa pesa yako inaenda nayo, na huwezi kushtaki kwa sababu utamwambia hakimu ulikuwa unafanya nini? Mwaka 2022 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuharamisha kuwauzia wanafunzi wa England kazi kama hizo. Mwisho wa mwaka huo huo, Novemba, ChatGPT ikatoka. Kilichofuata mnajua. Vijana waliokuwa wamekodi nyumba nzima za kuandikia walirudi kwa wazazi.

Nilihamia kuandika maelezo ya bidhaa na barua pepe za maduka ya mtandaoni. Pesa si nyingi lakini jina ni langu, na mteja namjua.

Wanaotafuta kazi kwenye majukwaa ya mtandaoni kama Fiverr na Upwork, soma makato kabla ya kutaja bei. Fiverr ilipoanza 2010 kila kazi ilikuwa dola 5, muuzaji anabaki na 4. Bado wanachukua asilimia 20. Upwork ilikaa kwenye asilimia 10 kwa muda, siku hizi makato yanategemea kazi, na hata kuomba kazi unanunua pointi. Kazi ya dola 50 Fiverr ni dola 40, ngoja siku zao 14 za kuachilia pesa, halafu kuna ada ya kutoa na kiwango chao cha kubadilisha dola. Sisi angalau tangu 2018 tunatoa ya PayPal hadi M-Pesa.

Fundi Aya

Umetuachia darasa ndugu yangu. Kwa Tanzania PayPal imekuwa ya kulipia kuliko kupokea, wengi hupitia Payoneer au mteja anatuma benki moja kwa moja. Benki nayo ina makato ya kupokea hela ya nje, na benki za katikati humega zao. Dola 30 zikifika zimekonda. Mteja wa nje wa kazi ndogo ndogo, mwambieni alipe kwa mwezi kwa mkupuo.

Mtafsiri wa Kizimkazi

Assalaam alaykum. Nadokeza la tafsiri, maana naona mmeligusa juu juu. Ukitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, hesabu maneno ya matini chanzi, yaani yale ya Kiingereza uliyopewa, usihesabu ya kwako. Kiswahili huunganisha nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo ukimaliza kazi idadi ya maneno imepungua. Mteja akikulipa kwa maneno uliyoyatoa wewe, kadiri unavyotafsiri vizuri na kwa ufupi ndivyo unavyojipunja. Matini chanzi ina faida nyingine: bei inajulikana kabla hamjaanza, hakuna wa kumshuku mwenzake kwamba anarefusha.

La pili, sasa kampuni zinatuma tafsiri ya mashine na kusema "pitia tu", kwa nusu ya bei. Wakati mwingine ni haki. Maelekezo ya simu au kipimajoto, mashine inajitahidi. Wakileta fomu ya ridhaa ya hospitali au mkataba, ngeli zimepishana, "patient" imekuwa mvumilivu badala ya mgonjwa, na sentensi zimekaa Kiingereza Kiingereza, utaandika upya kila mstari. Omba kurasa mbili, zipitie ukitazama saa, kisha ndiyo useme bei. Mimi sijibu barua ya "nusu bei" kabla sijaziona hizo kurasa.

Fundi Aya

Waalaykum salaam dada. Watu wa tafsiri mna nidhamu ya bei, sisi wa makala tungejifunza kwenu. Na hiyo ya kutazama saa itumieni hata kwa wateja wanaosema "ChatGPT anaandika bure, wewe nirekebishie tu". Saa ni zile zile 12,500.

Msaka Tonge

Mkuu mimi niko Dodoma. Kuna kikundi cha vijana wanataka niwaandikie andiko la mradi na katiba, wakaombe ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Hawana hela. Wanasema mkopo ukitoka watanipa asilimia 5. Wanaomba milioni 10. Laki tano hiyo mkuu, si mchezo.

Fundi Aya

Laki tano ya kwenye karatasi. Tazama inakopita. Fedha yenyewe ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Vikundi vinavyoomba ni vingi kuliko kilichopo. Andiko lako linaweza kuwa zuri na kikundi kikakosa kwa sababu mwanachama mmoja ana dosari kwenye vitambulisho, au wakaomba milioni 10 wakapewa 3. Na 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo kabisa ili kupanga utaratibu upya. Aliyeandika maandiko kwa ahadi ya asilimia kabla ya hapo alilipwa na nani?

Halafu ni mkopo, ndugu. Ni hela ya kurudisha. Ukichukua 5% yako, vijana wanaanza mradi wakiwa na deni la hela ambayo hawakuitumia. Mimi naona si sawa.

Waambie wachangishane. Wakiwa kumi, kila mmoja 15,000, ni 150,000. Katiba na muhtasari wa kikao uwaandalie kwanza kwa 50,000, andiko lifuate kwa 100,000. Kikundi kisichoweza kuchanga 15,000 kwa kichwa, marejesho kitayawezaje?

Msaka Tonge

Duh. Hiyo ya mwisho nitawasomea kama ilivyo.

Binti Makala

Kaka nimefuata ushauri. Wale wa Instagram wamekubali jaribio la kulipwa! Sasa wanataka niwatumie "kotesheni" ya mwezi, makala nne. Sijawahi kuandika. Inakaaje?

Fundi Aya

Hongera. Usiandike barua ndefu. Weka hivi:

"Habari za kazi. Kama tulivyozungumza, nitaandaa makala 4 kwa mwezi, kila moja maneno 600 hadi 700, mada mkinipa kabla ya tarehe 1. Bei ni pamoja na usaili wa mtu mmoja kwa simu na masahihisho mara 2 ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi. Masahihisho zaidi, kubadili mada baada ya kazi kuanza, au safari, yana malipo ya ziada tutakayokubaliana kabla. Jumla: 240,000 kwa mwezi. Nusu inalipwa kabla ya makala ya kwanza, nusu siku ya kukabidhi ya nne. Makala ni mali yenu baada ya malipo kukamilika. Naomba ruhusa ya kuzionyesha kama sampuli zangu. Bei hii ni hadi mwisho wa mwezi ujao."

Hiyo 240,000 nimekadiria makala moja saa 5 hivi, 60,000, chini kidogo ya kiwango kwa sababu ni kazi ya kila mwezi na hutapoteza muda kutafuta mteja mwingine. Pima kwa saa zako. Masahihisho mara 2 usiyafute hata wakikubembeleza. Bila hiyo idadi watakurudisha hadi mwezi wa pili, "ongeza kidogo hapa, dada".

Binti Makala

Nimetuma. Amejibu: "Dada mbona kubwa, tufanyie 160."

Fundi Aya

Safi, ameshaanza kupatana, maana yake anataka. Usiseme ndiyo wala hapana kwenye namba. Ukishuka kwa makala zile zile nne, atajua 240 ilikuwa ya kubuni na mwezi ujao atasema 120. Punguza kazi: "Kwa 160,000 naweza kuandaa makala 3, bila usaili, masahihisho mara 1." Hapo kila makala ni kama 53,000 na umeokoa zaidi ya saa nzima kwa kila moja. Mpe achague, 4 kwa 240 au 3 kwa 160. Na nusu ya kwanza ibaki kabla ya kuanza, kwa yoyote atakayoichukua.

Binti Makala

Amechukua tatu. Anasema nusu ataituma Jumatatu, nianze leo Ijumaa ili tuwahi.

Fundi Aya

Anza Jumatatu.